Maswali ya Wasomaji: Vijidudu vya Udongo wa Ncha za Dunia

SWALI: Barafuto (mto wa barafu) ikirudi nyuma huacha changarawe tupu. Bakteria wa kwanza hapo hutoka wapi, na hula nini?

JIBU: Baadhi yao wamo tayari. Chini ya barafuto, na katika vishimo vya tope jeusi juu yake, wanaishi bakteria, na maji ya kuyeyuka huwamwaga kwenye changarawe. Wengine huletwa na vumbi. Kufika si shida. Shida ni kudumu.

Mbele ya barafuto ya Midtre Lovénbreen, Svalbard (visiwa vya Norwe katika Aktiki), kila hatua ya kuiacha barafu ni hatua ya kuingia kwenye udongo wa zamani zaidi, kwa hiyo mabadiliko ya miaka mingi yanapimika katika matembezi mafupi. Watu hudhani wa kwanza lazima wawe sianobakteria, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Wamo, lakini karibu na barafu wapo pia wengi wanaokula kaboni kuukuu ya viumbe vya kale na mabaki yaliyoletwa na upepo. Sianobakteria wakishaenea hunasa nitrojeni ya hewani, na ute wao hushikanisha chembe za mchanga hadi ukawa gamba. Gamba hilo huhifadhi unyevu, na wengine hupata pa kushika.

Katika Mabonde Makavu ya McMurdo, Antaktika, mlolongo huo hukwama. Theluji kidogo inayoanguka hugeuka mvuke kabla ya kulowesha ardhi, na chumvi hurundikana. Geuza jiwe jeupe la kwatzi na huenda ukakuta utando wa kijani upande wa chini: mwanga kiasi hupenya jiwe, unyevu hukawia, na miale ya urujuanimno hupunguzwa. Mahali pengine hata mwanga si tegemeo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu udongo wa Robinson Ridge na Adams Flat, Antaktika Mashariki, ulionyesha bakteria wanaopata nishati kwa haidrojeni na kaboni monoksidi za hewani, ingawa haidrojeni ni takriban nusu ya sehemu moja tu katika milioni ya hewa.

SWALI: Sampuli zetu za udongo wa ncha za dunia zinatoa bakteria wa ngozi ya binadamu. Tumekosea wapi?

JIBU: Huenda wametoka kwenu, au kwenye kemikali za maabara. Udongo huu una DNA haba, hivyo uchafu kidogo tu unaimeza. Simama upande upepo unakoelekea, vaa glavu mpya kila kituo, tumia kijiko kilichotakaswa. Fungua chupa tupu palepale na uifunge, nayo ipimwe kama sampuli. Maabara nayo ipitishe jaribio lisilo na udongo. Mkiruka majaribio hayo mawili, orodha ya spishi haina thamani. Gandisheni sampuli -20°C au chini zaidi, zisiyeyuke njiani.

Hata DNA safi inaweza kuwa ya wafu, kwani baridi na ukavu huitunza muda mrefu. Kama swali lenu ni nani yu hai, pimeni RNA (nakala za muda za jeni, ambazo huharibika upesi) au kasi ya upumuaji. PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike) ikigoma, msiseme udongo hauna uhai. Chumvi huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA. Zimueni DNA mara 10 na mrudie. Ikikubali, kulikuwa na kizuizi, huenda chumvi.