Kabla hujachagua modeli ya mnato, piga hesabu ya sheari kwanza

Wadogo zangu mnaoanza simulesheni za vitu vizito, sosi ya nyanya, mala, rangi ya ukuta, nawaandikia hii juu hapa Nairobi kila ikifika msimu wa projekti naulizwa kitu kimoja tu, modeli gani ndo poa, power law, Carreau ama Herschel-Bulkley? Mimi nataka kwanza uniambie sheari reti (kasi ya tabaka za kimiminika kuteleza moja juu ya nyingine, kwa sekunde) ndani ya mtambo wako inaanzia ngapi inafika ngapi. Ukishajua hiyo, kuchagua modeli si kazi kubwa tena.

Chukua mfano wa sosi ya aina ile inayopampiwa kwenye viwanda vya Industrial Area. Bomba la kipenyo cha milimita 25, mwendo wa wastani nusu mita kwa sekunde. Wengi wanachukua 8V/D (V ni mwendo, D ni kipenyo) wanapata 160 kwa sekunde wanaishia hapo, lakini hiyo ni ya maji na vitu vyenye mnato usiobadilika. Kwa power law (mnato = K × sheari^(n-1), K na n ni namba za sosi yenyewe) unazidisha na (3n+1)/(4n), kwa hivyo kama n ni 0.4 sheari ukutani inapanda hadi 220. Sasa rudi uangalie data ya labu. Kama reomita (mashine ya kupima mnato) ilipima kutoka 1 hadi 100, basi pale ukutani, mahali penyewe presha yako inatoka, hakuna kipimo hata kimoja, programu inabahatisha na grafu zinatoka safi kabisa, huwezi jua. Omba labu wapime hadi 500, na kama haiwezekani andika hivyo wazi kwenye ripoti.

Upande wa pili ni katikati ya bomba, sheari inaenda sifuri. Tuseme K ni 12, vipimo vyake Pa·s^n. Ukutani mnato unakuwa kama 0.47 Pa·s, lakini sheari ikishuka hadi 0.01 power law inakupa 190, yaani karibu mara 400, na ikishuka zaidi inaendelea kupanda bila mwisho. Ndo maana OpenFOAM (programu ya simulesheni) inakuuliza nuMin na nuMax, yaani mipaka ya mnato, na Fluent, programu nyingine, pia ina mipaka yake ya chini na ya juu. Tafadhali usijaze namba ya kukopi kutoka kwa tutorio ya mtu. Weka nuMax inayotokana na sheari ya chini kabisa uliyopima, halafu rudia ukiipandisha mara 10. Presha ikikaa pale pale uko sawa, ikisonga sana ujue jibu lako linatoka kwa hiyo namba wala halitoki kwa sosi.

Carreau na Cross hazina hii shida juu zina mnato wa sheari sifuri ndani yake, ndo maana watu wa simulesheni za damu wanazipenda. Vigezo vya damu utakavyokutana navyo sana ni mnato wa 0.056 Pa·s sheari ikiwa sifuri, 0.00345 sheari ikiwa kubwa sana, lambda (muda, kwa sekunde) 3.313 na n 0.3568. Lakini solva (programu za kukokotoa) za OpenFOAM za msongamano usiobadilika, kama nonNewtonianIcoFoam, zinataka mnato uliogawanywa na msongamano, kwa hivyo hiyo 0.056 unaigawa kwa 1060, msongamano wa damu, unaandika 5.28e-5. K pia unagawa, tau0 ya Herschel-Bulkley (mkazo wa kuanza kutiririka) unagawa, na presha inayotoka unazidisha tena na msongamano ndo upate paskali. Hapa ndo naona projekti nyingi zikiharibika, mnato umezidi mara elfu moja na mtu anahangaika na meshi (seli ndogo ulizogawa bomba) wiki nzima bure.

Sasa, kabla ya kugusa jiometria yako ya maana, mchanganyiko ama valvu, fanya bomba tupu. Jibu lake liko la kuandika kwa kalamu: mwendo wa katikati ukigawa kwa wastani ni (3n+1)/(n+1), kwa n ya 0.4 ni 1.57, na sosi yetu, msongamano tuseme 1100, inapoteza kama kilopaskali 16.6 kwa kila mita. Reynolds ya Metzner na Reed (namba ya kujua kama mtiririko umetulia ama una vurugu) inatoka kama 21, kwa hivyo mtiririko umetulia na hiyo modeli ya tabulensi (vurugu) uliyowasha izime. Kama bomba halikupi hizi namba usiendelee, hata kama supavaiza anataka picha za rangi kesho. Na banisha seli karibu na ukuta, juu n ikiwa ndogo profaili inakuwa bapa katikati na mteremko wote unajazana pembeni.

Solva ikilipuka anza na mnato usiobadilika, iache itulie, ndo uingize n ya 0.8, 0.6, mpaka ufike yako. Hifadhi mara kwa mara pia, stima tunaijua.

Halafu kuna mala na yoghurt. Hizi ukizikoroga zinalegea na hazirudi vile zilikuwa, na hizi modeli zote nimetaja hazina kumbukumbu, zinaangalia sheari ya saa hii tu. Kwa hivyo pima sampuli iliyotoka baada ya pampu, isiwe ile ya kwenye pakiti, na ipimwe kwa joto lile lile linalopita kwenye bomba.