Zibeni leza, msifunike kigunduzi

Wadogo zangu wa maabara, jedwali hili limerudi tena: leza imepitishwa kwenye maziwa ndani ya maji, kiwango cha upolarishaji (sehemu ya mwanga inayotetema kwa mpangilio mmoja) 0.53, halafu aya nzima ya kueleza kuwa mtawanyiko wa mwanga kwenye maziwa ndio umekishusha. Tuanzie kwenye pazia la dirisha, tafadhali.

1. Usuli, yaani chochote kigunduzi cha mwanga kinachosoma kisichotoka kwenye leza. Mmezungusha analaiza (kichujio cha upolarishaji mbele ya kigunduzi) mkapata kilele cha volti 0.90 na bonde la 0.10. Tofauti gawanya kwa jumla: 0.80. Jua la saa tisa likipenya na kuongeza volti 0.25 kila mahali, mtasoma 1.15 na 0.35. Tofauti ni ile ile, jumla imepanda hadi 1.50, jibu limeporomoka hadi 0.53. Maziwa hayajagusa kitu.

Mkiambiwa mtoe usuli, mnafunika kigunduzi. Hapo mmepima giza la kigunduzi peke yake, yaani volti kinazotoa bila mwanga. Mwanga wa chumba hamjaupima. Zibeni leza mdomoni kwa kadi nyeusi, mengine yote yabaki yalivyo, ndipo msome. Tena msome kila pembe, kwa hatua ya nyuzi 10. Mwanga wa anga ya buluu umepolarishwa kiasi, kwa hiyo usuli wenyewe hupanda na kushuka analaiza ikizunguka. Namba moja haiwezi kuuondoa. Taa nazo zimeni. Stima yetu ni ya hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde.

2. Kilele kisigonge kikomo cha kigunduzi. Kikikatwa kichwa, kiwango kinashuka vilevile.

3. Bamba la robo-wimbi (linalochelewesha sehemu moja ya mwanga kwa robo ya wimbi, yaani nyuzi 90) la nanomita 633 mkilipa leza ya 532, hata likiwa la oda sifuri (lisiloongeza mawimbi mazima juu ya hiyo robo), linatoa zaidi ya nyuzi 105 badala ya 90.

4. Bila sampuli, matriki ya Mueller (jedwali la namba 16 linaloonyesha upolarishaji unavyobadilishwa) iwe karibu na matriki ya utambulisho (moja kwenye mshazari, sifuri kwingine). Haiwi? Msiweke sampuli.

5. Andikeni ni maziwa gani, jamani. Jana ya pakiti, leo ya ATM (mashine ya kuuzia maziwa), halafu mnashangaa mikunjo ya grafu haikutani! Kiwandani matone ya mafuta huvunjwa yawe madogo, na ukubwa ndio unaoamua: chembe ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga huhifadhi zaidi upolarishaji wa mstari, kubwa huhifadhi zaidi ule wa duara.

6. Tundu la mbele ya kigunduzi. Leza iliyotawanyika huonekana kama madoadoa (speckle), na doa moja kati ya hayo lina upolarishaji kamili. Mkichanganya madoa mengi, kiwango hushuka. Kipenyo cha tundu na umbali wake kutoka kwenye sampuli viandikwe kando ya kila kipimo.