Aliyefumua skafu yangu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lauliza kama kazi za mikono bado zahitaji mwalimu, maadamu simu yafundisha kila kitu. Mimi linaloniuma ni lingine: huyo mwalimu, awe mtu awe simu, ana haki gani ya kufumua kazi ya anayejifunza? Nilipokaa kuandika nilikuwa na jibu moja tu: hana.

Nimejifunza kufuma nikiwa na miaka 41, hapa Majengo, huku pwani. Kwetu mikono haijapata kukosa kazi. Nyanyangu alishona kofia za vito, mamangu asuka ukili hadi leo. Lakini sindano mbili za kufumia sweta hakuna aliyezishika, na kwa joto letu nani angezitaka? Mpaka mwanangu akapata shule Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Julai, sisi huku tukifurahia upepo wa kusi, yeye akanipigia kwa simu ya shule meno yakigongana. "Mama, huku maji yauma." Skafu zauzwa, najua. Nilitaka ya mkono wangu.

Muuzaji wa nyuzi, Barabara ya Biashara, aliniuliza, "Wampelekea nani bara?" Akanitolea madonge matatu ya uzi mnene wa kijivu na sindano za chuma za milimita 5. Za mbao alizirudisha ndani. Mkono ukitoa jasho, uzi hugandama. Hata hivyo ilibidi nipake poda viganjani na kufuma baada ya Isha, chini ya feni.

Mwalimu wangu alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima aliyetoka Nyeri miaka mingi nyuma. Jengo zima twamwita Shosho. Alinitilia vitanzi 36 kwenye sindano, akanionyesha: ingiza, zungusha uzi, vuta, angusha. Kila mstari hivyo hivyo, kwenda na kurudi, kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo hulala bapa. Ule ufumaji laini wa sweta hujikunja kingo, haufai skafu ya kwanza. Maelezo yakaishia hapo.

Nilifuma siku kumi na moja. Ilipofika kama shubiri mbili nikateremka nayo, nimeifunga ndani ya leso safi. Shosho akainyoosha juu ya paja, akapitisha kidole kwenye sindano akihesabu kwa Kikikuyu, midomo ikienda polepole. "Arobaini na tisa," akasema. Sikujua kuwa hilo ni baya, kwamba vitanzi vilipaswa kubaki 36 hadi mwisho. "Imenenepa, mama." Akachomoa sindano, akavuta uzi. Vitanzi vikaachana mstari kwa mstari, kwa sauti ndogo ambayo naisikia hata sasa, na siku zangu kumi na moja zikaisha kabla chai haijapoa. Kosa langu hakulitaja. Uzi ulitoka una mawimbi. Akauzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaunyunyizia maji unyooke, akaniambia nirudi kesho.

Sikurudi kesho, wala wiki mbili zilizofuata. Nililia, sioni haya kusema.

Hapo ndipo simu ilipoingia. Binti ya dada yangu alinitafutia video ya mwanamke afumaye taratibu. Niliirudia na kuirudia mpaka nikaona. Mwanzoni mwa mstari, uzi wake ulining'inia chini ya sindano. Mimi nilikuwa nikiuvuta juu ya sindano hadi nyuma, na ukifanya hivyo kitanzi cha kwanza huinuka kikaonekana viwili, nawe wavifuma vyote. Nimefanya hivyo mara 13. Video fupi ilinipa sababu ambayo Shosho hakunipa, na hasira yangu ikazidi.

Nikamwendea, nikamwuliza mbona hakuniambia. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, sikujua wafanya nini. Mimi niliona kitambaa tu." Yeye alianza kufuma akiwa mtoto, kosa hilo lilikwisha toka mikononi mwake zamani, hana hata namna ya kulieleza.

Hapa nalegea, na sikutarajia. Video kama hiyo nilikuwa nimeitazama kabla hata ya kununua uzi, nisione kitu. Niliuona ukingo kwa sababu Shosho alikuwa amenihesabia vitanzi, nikajua kuna kitu cha kutafuta. Kama angeniachia, ningemaliza kitu chenye umbo la tanga la ngalawa, na mwanangu angekivaa kwa kunihurumia.

Basi, afumue. Ila si kwa kila mtu: mtoto mdogo, au anayefuma kutuliza moyo, mwache na upana wake. Na asifumue kwa mkono wake. Ahesabu pamoja na mwenye kazi, amwonyeshe, kisha amwachie avute uzi mwenyewe. Hapo Shosho alikosea, nasema kwa heshima zote. Simu nayo yamtosha anayejua anachotafuta.

Skafu ilitimia sentimita 150, nikaipeleka Limuru mwenyewe siku ya kutembelea wanafunzi. Sasa binti ya dada yangu ameshika sindano zile zile. Alianza na vitanzi 30. Jana usiku, alipolala, nilivihesabu nikapata 32. Nimeirudisha kazi yake mkobani kama nilivyoikuta, na bado sijamwambia.