Jibu: "Kai" ya Kihawaii na "kai" ya Kimaori

Ndugu, umeuliza kama "kai" ya Kihawaii (bahari) na "kai" (chakula) ya Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, ni neno moja, kwa kuwa lugha hizo zina asili moja. Lugha ni ndugu kweli, ila maneno hayo mawili hayahusiani.

Siri iko kwenye sauti. Katika Kihawaii, t ya zamani iligeuka k. Nayo k ya zamani haikubaki mahali pake, iligeuka ile sauti ya kukata pumzi kooni inayoandikwa kwa alama ʻ. Basi chukua "kai" ya Kihawaii uirudishie t yake, utaipata "tai", ambayo kwa Kimaori ni bahari au maji kujaa na kupwa. Sasa itafute "kai" ya Kimaori upande wa Kihawaii: utaikuta ni "ʻai", kula au chakula. Yaani maneno yalipishana njiani, moja likavaa umbo la mwenzake! Kwangu huu ni mfano mzuri kupita yote wa kwa nini kufanana kwa maneno pekee si ushahidi wa undugu.

Kwingineko ni sadfa tu. Kwa Kigiriki "kai" ni "na", ingawa leo hutamkwa "ke". Kwa Kifini ni "labda". Kihausa kinazo mbili: "wewe" kwa mwanamume, na "kichwa". Huzitofautisha kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi, kwa hiyo msomaji hutegemea sentensi nzima.