Uliza Tukujibu: Visosi vya 1947, vya angani au vya gazetini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi niko Morogoro. Juzi kijiweni tumebishana kuhusu visahani vinavyoruka, mwenzangu anasema 1947 Wamarekani kibao waliviona ndani ya wiki mbili na magazeti yaliandika kila siku. Mimi nasema uzushi mtupu. Tuamulieni maana kuna soda hapa.

JIBU: Salama kabisa ndugu yetu, ila hiyo soda msiifungue kwanza.

Aliyeanzisha yote anaitwa Kenneth Arnold, mfanyabiashara na rubani wa Idaho. Tarehe 24 Juni 1947 alikuwa na kandege kake jimbo la Washington anatafuta ndege ya jeshi iliyoangukia milimani, kulikuwa na zawadi ya dola 5,000 kwa atakayeipata, mara akaona vitu 9 vinang'aa vinapita karibu na mlima Rainier. Jamaa hakushangaa tu, akatazama saa, akapima vimetumia muda gani kufika usawa wa mlima Adams, hesabu ikampa maili 1,700 kwa saa, akaona mmh hapa nitaitwa chizi, akapunguza mpaka 1,200. Na hiyo 1,200 yenyewe ni balaa, maana inazidi kasi ya sauti, na rubani wa jeshi la Marekani Chuck Yeager alikuja kuipita kasi ya sauti Oktoba mwaka huohuo, kabla ya hapo hakuna aliyetambuliwa kuipita kwa ndege akiwa anaruka sawasawa.

Kesho yake akaingia ofisi za East Oregonian, gazeti dogo la mji wa Pendleton jimbo la Oregon, akasimulia. Mwandishi Bill Bequette akaandika habari fupi akairusha na kwa AP, lile shirika linalolisha magazeti nchi nzima, na ndani yake kuna maneno mawili tu yaliyofanya kazi yote: "kama visosi". Siku chache mbele vichwa vya habari vikawa ni visosi vinavyoruka kila kona.

Sasa mwaka 1950 mtangazaji maarufu wa Marekani Edward R. Murrow akamhoji Arnold, na Arnold akalalamika kwamba hakueleweka, yeye alikuwa anaeleza MWENDO, yani vilikwenda kama kisosi ukikitupa juu ya maji kikawa kinadundadunda, sio kwamba vilikuwa duara. Mchoro aliowapelekea wanajeshi ukiuangalia unakumbusha kisigino cha kiatu. (Tusimtwike Bequette zigo lote lakini, siku mbili tu baada ya tukio Arnold alisema redioni kwamba vilifanana na sahani ya kuokea iliyokatwa nusu, kwa hiyo vyombo vya jikoni alivileta mwenyewe.)

Ndugu yangu utamu uko hapa. Kama watu walikuwa wanaona kile alichokiona Arnold, mbona hawakuripoti visigino? Waliojitokeza baada ya hapo wengi waliona vya duara, yani waliona kilichoandikwa.

Na sio lazima wawe waongo, hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Mtu ameona puto, au sayari ya Zuhura, au ndege imepigwa na jua, siku zote angenyamaza akaendelea na shughuli zake, ila leo kafungua gazeti kakuta jina la kitu chake, anapiga simu. Mhariri naye anataka habari ya hapahapa mjini kwake sio ya Oregon kila siku, anamtoa ukurasa wa mbele, jirani naye anasoma anatoka nje jioni anaangalia juu. Ikaja sikukuu ya 4 Julai, watu wako nje, na siku hiyohiyo marubani wa United Airlines waliotoka Boise nao wakasema wameviona, hapo ikawa fujo. Kura ya maoni ya Gallup mwezi Agosti ilikuta Wamarekani 9 katika kila 10 wameshasikia habari za visosi. Wiki saba tu!

Tarehe 8 Julai jeshi la anga kule Roswell, jimbo la New Mexico, likatangaza limekamata kisosi, gazeti la Roswell Daily Record likakiweka juu kabisa, jioni yake wakubwa wa jeshi Texas wakasema ni puto la hali ya hewa. 1994 ndio ikaelezwa ni puto la Mogul, mradi wa siri wa kutegea mlio wa mabomu ya nyuklia ya Wasovieti. Baada ya kituko hicho, na vijana wanne wa mji wa Twin Falls, Idaho, kukutwa wametengeneza kisosi chao cha kuchekesha watu, wahariri walianza kuona aibu, na ripoti zikapungua.

Kwa hiyo mwenzako yuko sahihi kwamba waliona na yaliandikwa, wewe unakosea kwenye neno uzushi. Soda anunue nani, mtajijua.

SWALI: Mhariri, hivi huku kwetu havijawahi kutokea? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Vimetokea, tena njia ya kuja kwenu. Februari 1951 rubani wa shirika la ndege la East African Airways na wenzake wakitoka Nairobi kuja Mombasa asubuhi walisema wameona kitu kinang'aa juu ya Kilimanjaro, kimetulia tuli, halafu kikapanda kikaenda zake. Ila walikieleza kama risasi, kirefu. Visosi vilikuwa vimeshakaa magazetini miaka minne, na wao hata hivyo hawakusema kisosi.