Bodi na usalama kazini: kuja saiti kupiga picha na helmeti haitoshi

Mkuu umeuliza kama bodi iingie kwenye mambo ya usalama kazini au imwachie meneja na afisa usalama wake. Mimi ndo nilikuwa naandaa ripoti ya usalama ya bodi kiwandani kwetu, na jibu langu ni waingie, tena wameshaingia hata kama hawajui, we subiri.

Ripoti yangu ilikuwa ukurasa mmoja, inawekwa mwisho kabisa karibu na mengineyo, watu wameshachoka wanaangalia saa. Wanatafuta namba moja tu, tumekaa siku ngapi bila mtu kuumia hadi akashindwa kuja kazini, ikiwa kubwa basi hongereni, kikao kimefungwa. Sasa namba hiyo haikwambii kama valvu ya boila imepimwa. Deepwater Horizon, ule mtambo wa kuchimba mafuta baharini kule Ghuba ya Mexico, mwaka 2010 wakubwa wa kampuni walikuwa palepale mtamboni kupongeza miaka 7 bila ajali ya kumfanya mtu akose siku ya kazi, usiku huohuo ukalipuka wakafa watu 11. Na namba yenyewe inachezewa jamani, hasa bonasi za mabosi zikifungwa nayo, mtu kavunjika kidole anaambiwa njoo tu ukae ofisini upange mafaili ili isihesabiwe.

Kwetu akaja mjumbe mpya, mama mmoja mhasibu, mashine hajui hata moja. Akauliza matengenezo yaliyopitiliza muda ni mangapi, na la zamani kuliko yote ni lipi. Kimya. Mkurugenzi mtendaji akanigeukia mimi. La zamani kuliko yote lilikuwa ditekta ya gesi, kile kifaa cha kugundua gesi ikivuja, spea yake ilikatwa kwenye bajeti, na bajeti hiyo waliipitisha wao wenyewe bodi! Ndo maana nasema wameshaingia, maana hela wanashika wao.

Wenzetu New Zealand walijifunza kwa machungu, mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River ulilipuka 2010 wakafa 29, tume ya uchunguzi ikakuta bodi haikuhakikisha kwamba hatari zinadhibitiwa, na sheria yao ya 2015 ikambebesha mkurugenzi jukumu yeye binafsi, siyo kampuni tu.

Ziara za bodi saiti nazo ziwepo ila zifanyike shifti ya usiku, bila msafara, na wasimamizi wakae pembeni watu waongee. Kama ripoti unaandaa wewe, omba iwe ya kwanza baada ya kumbukumbu za kikao kilichopita, na kila wakitaka kukata hela ya matengenezo andika hapohapo ni kifaa gani kitabaki kibovu, uone kama watasaini haraka.