Shokapu mpya imegoma kushuka: ni mbovu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunga baiskeli ya milimani mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, kwa miezi minne. Ringi ni za 29, matairi 2.3 yenye tyubu, breki za diski, na shokapu ya mbele ni ya upepo, milimita 120. Nina kilo 78. Wiki ya pili sasa naendesha njia za Ntyuka. Mikono inakufa ganzi, nikiingia kwenye mchanga gurudumu la mbele linakwenda linakotaka lenyewe, na shokapu haishuki hata niilalie. Fundi mmoja kasema nimeuziwa mbovu. Mwingine kasema niipake oili ya injini ilainike. Upepo nilijaza kote, matairi na shokapu, kwenye kompresa ya bodaboda, matairi yakafika psi 50 (kipimo cha upepo). Nifanyeje? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hayo maneno ya kompresa uliyoyaweka mwishoni ungeanza nayo, tusingefika mbali. Shokapu yako ni nzima, au ilikuwa nzima siku ulipoitoa kwenye boksi.

Kesi hii naipokea mara kwa mara, na chanzo ni kilekile: vali. Vali ya shokapu, ambayo mara nyingi ipo juu ya mguu wa kushoto, ukifungua kifuniko chake utakuta ni ileile ya pikipiki. Mpira wa kompresa unaingia bila ubishi, kijana anabonyeza, na kwa kuwa umeingia kila mtu anaamini ndipo mahali pake. Chumba cha upepo humo ndani hakifikii hata ujazo wa chupa ya soda. Kompresa ya kujazia tairi la bajaji ikikohoa humo mara moja tu, umeshapitiliza. Ndiyo maana unailalia na haishuki.

Tafuta pampu ya shokapu, kwa kununua au kuazima. Ni ndogo, ya mkono, ina saa yake ya kupimia upepo na mpira mwembamba. Punguza upepo taratibu, kisha angalia nyuma ya mguu wa shokapu: nyingi zina kibandiko kinachoonyesha kilo za mwendeshaji na psi zake. Jaza kwa kilo zako ukihesabu na begi, maji na helmeti, kisha iminye mara kumi hivi na upime tena. Usishtuke saa ikisoma chini kidogo kila unapoifunga pampu, kwa sababu upepo kiasi umeingia kwenye mpira wake. Na ile “psss” unayoisikia ukiifungua ni ya mpira huo. Shokapu haijapoteza kitu.

Sasa fanya kipimo ambacho hakuna aliyekufanyia. Funga uzi au raba nyembamba kwenye mguu unaong’aa, uisukume mpaka iguse sili, ule mpira wa kuzuia vumbi pale mguu unapoingilia. Egemea ukuta, panda, simama juu ya pedali bila kurukaruka, kisha shuka polepole. Pima kutoka kwenye sili hadi raba ilipobaki. Kwa shokapu ya milimita 120 iwe imeshuka kati ya 24 na 30. Ikiwa haijafika 24, toa upepo, ikizidi 30, ongeza. Dakika kumi, kwa rula ya mwanafunzi.

Oili ya injini usithubutu. Vumbi la kwetu unalijua, likikuta oili linageuka msasa kati ya sili na mguu, na mkwaruzo ule haufutiki. Ikichuruzika mpaka kwenye diski ya breki, hizo pedi tupa. Kwa kuwa breki nazo ni mpya, zifundishe kwanza: shuka kilima kidogo ukipunguza mwendo mara ishirini au thelathini, bila kufunga gurudumu. Spoku nazo zikaguliwe baada ya wiki hizi za mwanzo, huwa zinalegea.

Turudi kwenye upepo, maana matairi yako nayo yamejazwa kwa imani. Watu wanasema Dodoma kuna mbigili, kwa hiyo jaza tairi liwe gumu kama jiwe. Mbigili haisomi saa ya upepo. Itachoma tairi la 50 kama inavyochoma la 28. Tairi gumu linakanyaga eneo dogo, kwa hiyo kwenye mchanga linachimba mfereji badala ya kuelea, na kila kijiwe kinapanda moja kwa moja mpaka viganjani mwako. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, hujaagizwa uifikie. Kwa kilo zako, anza na psi 26 mbele na 29 nyuma. Ukipata pancha yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, tyubu imebanwa na ringi: ongeza mbili. Mbigili dawa yake ni kutoa tyubu na kuweka maji ya kuziba, kama ringi zako zinakubali, ila kwa joto letu yakague kila baada ya miezi miwili, hukauka.

Fundi asiyejua simlaumu, baiskeli hizi ni ngeni kwa wengi. Namwogopa yule anayebonyeza tairi kwa kidole gumba na kutamka namba, au anayehukumu shokapu bila kushika pampu. Huyo hatua yake inayofuata ni spana. Usimruhusu mtu yeyote afungue kofia ya juu ya shokapu kabla upepo haujatoka wote kupitia vali. Niliwahi kuletewa moja haina kofia kabisa. Ilikuwa imejazwa kwa kompresa, “fundi” akaifungua aone kinachokwamisha, kofia ikaruka, ikagonga bati na haikuonekana tena. Uso wake ulikuwa umeinamia vali sekunde chache kabla. Mwenye baiskeli alikuja kuuliza bei ya kofia, mimi nikamuuliza habari za macho ya fundi.

Ukikosa pampu, niletee Jumamosi asubuhi kabla jua halijakolea. Na matairi hata yakiwa yamelala, usipitie kwenye kompresa njiani. Isukume.